Vigezo na Masharti ya Ramani ya Gongoni

Kila Mtanzania anayesikiliza redio anaijua sentensi hii: vigezo na masharti kuzingatiwa. Huja mwishoni mwa tangazo, baada ya ngoma na vicheko, na mtangazaji huisema kwa kasi utadhani anafukuzwa na nyuki. Tumeizoea mpaka imekuwa utani. Mtu anakualika pilau la Idi, anamalizia: vigezo na masharti kuzingatiwa. Maana yake, kwa jinsi tulivyoizoea, ni kwamba kuna jambo hapa, lakini wewe usiulize.

Nimeishi na sentensi hiyo bila shida miaka yote, hadi siku mzee mmoja wa Gongoni aliponiuliza swali kuhusu ramani. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza jambo ambalo wenzangu wengi wenye tovuti na blogu hawaoni kama lina uzito: hivi masharti ya ramani za mtandaoni yananihusu kweli, mimi mtu mdogo mwenye tovuti ndogo? Na yakinihusu, yananihusu kama sheria tu, au kama jambo la haki?

Nianze na kosa langu, maana bila hilo haya mengine yatakuwa mahubiri.

Nimekulia Gongoni, kata ya Manispaa ya Tabora. Kazi yangu ni uandishi wa habari, na siku hizi naishi Dar es Salaam. Nje ya kazi nina tovuti yangu binafsi kuhusu njia ya zamani ya misafara, ile ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji kupitia Unyanyembe. Nailipia mwenyewe. Wasomaji wake wa siku nzima, daladala moja ingewabeba na viti vikabaki.

Nilipofika sura ya Tabora nilitaka ramani ya mtaa wetu. Jirani wa nyumbani, mzee mstaafu wa reli ambaye wote tunamwita Babu, alinitembeza alasiri tatu. Alinionyesha palipokuwa na kisima. Alinionyesha mwembe ambao wazee wake walimwambia wapagazi walikuwa wakitua mizigo chini yake. Alinitajia vichochoro kwa majina ambayo vijana hawayajui tena. Mimi niliandika, yeye alitembea na fimbo yake, na kila tulipofika penye kivuli tulipumzika.

Usiku nikafungua ramani ya kampuni moja kubwa, nikaipiga picha ya skrini. Kile kipande cha chini chenye jina la kampuni na mwaka nikakikata. Nikaipaka rangi ya kahawia ili ionekane ya kale, nikaweka vidoti na majina ya Babu. Chini nikaandika: Ramani, halafu jina langu.

Watu walisifu. Mwalimu mmoja aliniandikia akiomba kuitumia darasani. Nilimwambia aitumie tu, ila asisahau kunitaja. Wakati naandika maneno hayo sikuona chochote cha kuchekesha.

Niliporudi likizo nilienda kumsalimia Babu, nikampa simu aione.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba. Ndiyo hiyo ramani?"

Aliishika mbali na macho, kisha akavaa miwani. Akaifuata barabara kwa ukucha, polepole, mpaka stesheni.

"Hapa chini pameandikwaje?"

"Ramani, halafu jina langu."

"Umeichora wewe?"

"Ndiyo, Babu."

"Na hii barabara ya kwenda stesheni, umeichora wewe?"

Nilikaa kimya kidogo. "Hiyo nimeitoa mtandaoni, Babu. Mimi nimeweka majina tu."

"Majina si nilikupa mimi?"

Hakusema kwa hasira. Alinirudishia simu, akamwita mjukuu wake atuletee chai, tukaongea habari za mvua. Lakini chai ile haikushuka vizuri.

Usiku ule nilifanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilisoma masharti ya ramani mwanzo mpaka mwisho, kwa bando langu mwenyewe. Lugha yake ni ya wanasheria na inachosha. Ila ukichuja, yanayomhusu mtu mwenye tovuti binafsi ni machache, na yanaeleweka.

Chukua ramani za Google, ambazo ndizo wengi wetu tunazozijua. Kupachika ramani ya kawaida kwenye ukurasa wako, kwa kile kipande cha msimbo wanachokupa wenyewe ukinakili, ni bure. Wanachotaka ni usifute nembo wala maandishi ya chanzo, usiyafunike, usipakue ramani kwa wingi ukajiwekea ghala, na usiitumie kama karatasi ya kufuatishia mistari ili utengeneze ramani nyingine. Ukitaka ramani unayoweza kuichezea kwa programu, tangu katikati ya mwaka 2018 unahitaji ufunguo uliofungwa kwenye akaunti ya malipo. Wasiokuwa nao walikuta ramani zao zimefifia, zimegongwa maandishi ya kusema kwamba ni za majaribio tu. Nimeona watu wakilikwepa hilo kwa kunakili msimbo wa mwenzao pamoja na ufunguo wake. Ramani inafunguka vizuri kabisa. Bili inamfuata yule mwenzao.

Halafu kuna OpenStreetMap, iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na kuchorwa na watu wa kujitolea dunia nzima. Hapa data ni ya wazi. Unaweza kuichukua, kuibadilisha, hata kuiuza. Kwa leseni inayotumika tangu Septemba 2012, unatakiwa useme wazi, mahali panapoonekana, kwamba data ni ya OpenStreetMap na wachangiaji wake; na ukiiboresha ile data ukaitoa hadharani, uiachie wengine kwa sharti lile lile. Ila wengi hawajui kwamba data ni kitu kimoja na picha ni kingine. Ile ramani unayoiona imeunganishwa kwa vigae vidogo vidogo vya picha vinavyotoka kwenye seva zinazoendeshwa kwa michango. Seva hizo nazo zina masharti yake: usipakue vigae kwa jumla, usizielemee, na ukizidisha wanaweza kukufungia bila kukuaga.

Na kuna mtu wa tatu ambaye huwa tunamsahau, naye ni msomaji. Ukipachika ramani ya mwingine kwenye ukurasa wako, kila anayeufungua, simu yake inabisha hodi kwa mwenye ramani na kuacha anwani yake pale. Yeye alikuja kwako kusoma habari za misafara, wewe umempeleka kwa jirani bila kumwambia. Tangu Mei 2023 tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyopitishwa mwaka 2022. Lakini hata kabla ya sheria, kumwambia mgeni wako unampeleka wapi ni adabu ya kawaida tu.

Basi hayo ndiyo masharti. Swali langu lilikuwa kama yana haki ndani yake, na mtu wa Tabora hana haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Njia yetu iliendeshwa kwa masharti.

Msafara uliokwenda bara kupitia Ugogo ulilipa hongo kwa watemi: vitambaa, shanga, waya. Wazungu waliopita njia hiyo karne ya 19 wameilalamikia sana hongo katika vitabu vyao. Lakini mtemi alikuwa na kitu mkononi. Alikuwa na maji katika nchi kavu, alikuwa na chakula cha kuuza, na njia ilipita kwake. Mwenye msafara alikuwa na nafasi ya kulipa, kujadiliana bei, au kuzunguka. Mwaka 1871, vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora vilipoifunga njia ya Ujiji, Stanley alijaribu kwanza kupigana upande wa Waarabu, wakashindwa, akaishia kuzunguka kwa kusini. Kuzunguka kulimchosha, lakini kulikuwa ni njia ya halali.

Hata hivyo neno lenyewe lina onyo ndani yake. Leo hongo ni rushwa. Ada ya njia, ikidaiwa na mwenye nguvu asiyerudisha chochote, inageuka kuwa unyang'anyi, na lugha yetu imeliweka hilo kwenye kumbukumbu. Kwa hiyo sisemi kila sharti ni la haki kwa sababu tu limeandikwa. Nasema kila sharti liulizwe: wewe unalinda nini?

Nilipoyauliza masharti ya ramani swali hilo, yalijigawa yenyewe. Mengine yanalinda mfuko wa kampuni, kama lile la ufunguo na kadi ya benki. Mengine yanalinda kisima, kama lile la vigae: seva ya michango ni maji ya wote, na anayekuja na lori la mapipa anawakausha wenye ndoo. Na mengine, hasa yale mafupi kuliko yote, yanalinda jina. Lile la jina ndilo nililolikata mimi kwa mkasi wa simu, na ndilo ninalotaka kulikalia kidogo.

Mwaka 1856 huko Ulaya kulichapishwa ramani ya ajabu. Waliichora wamisionari wawili waliokuwa wakikaa karibu na Mombasa, Jakob Erhardt na Johannes Rebmann. Katikati ya Afrika walichora ziwa moja kubwa mno, lenye umbo la konokono asiye na nyumba, wakaliita ziwa la Uniamesi, yaani la kwetu, Unyamwezi. Wanajiografia walicheka na kubishana. Wao wenyewe hawakuwa wameliona. Walikuwa wamewasikiliza watu wa misafara waliorudi pwani: huyu kasema nilitembea mpaka nikafika majini, yule kasema hivyo hivyo, na wachoraji wakayaunganisha maji yote yakawa ziwa moja.

Ramani ilikosea. Lakini kichwa chake kilikiri wazi kwamba imechorwa kufuatana na maelezo ya wenyeji wengi na wasafiri Waislamu. Majina hayakuandikwa, na hilo lina uchungu wake. Ila chanzo kilitajwa, na kwa kuwa kilitajwa, kila aliyeitazama alijua ni habari za kusikia, na alijua pa kwenda kuuliza tena. Burton na Speke waliotumwa kwenda kutazama walifika Kaze, hapa hapa Tabora, Novemba 1857. Mfanyabiashara Mwarabu aliyekuwa akiishi hapo, Snay bin Amir, aliwaeleza kwamba maji yale si ziwa moja bali ni maziwa mbalimbali. Mtu wa njia alisahihisha ramani ya watu wa njia, akiwa amekaa barazani kwake.

Agosti 1858 Speke akaliona lile la kaskazini, akalipa jina la malkia wake. Burton alimtaja Snay kwa jina na kwa heshima katika kitabu chake cha mwaka 1860, tusimnyime haki yake. Ila ramani ilipochorwa upya, waliosimulia walibaki ndani ya vitabu, na malkia akabaki juu ya maji hadi leo.

Kumbe mstari wa chanzo unafanya kazi mbili. Kazi ya kwanza ni shukrani, na hii kila mtu anaijua. Ya pili ni njia ya kurudi. Unamwambia msomaji: ukikuta kosa, mfuate huyu, maana yeye ndiye aliyepita hapa. Ramani isiyo na chanzo haisahihishiki. Ramani yangu ya kahawia ilikuwa na barabara za kampuni na majina ya Babu, vyote vimepikwa chungu kimoja na kufunikwa kwa jina langu. Barabara ikiwa na kosa, utaniuliza mimi nisiyeipima. Jina la kichochoro likiwa na ubishi, utaniuliza mimi niliyeambiwa. Nilikuwa nimewadhulumu kampuni na Babu, kweli, lakini zaidi nilikuwa nimemdanganya msomaji.

Najua hoja za upande wa pili, maana zilikuwa zangu.

Hoja ya kwanza: hakuna anayesoma masharti, na makubaliano ambayo hakuna aliyeyasoma si makubaliano. Hoja hii ina ukweli. Karatasi ndefu zilizoandikwa ili zisisomwe ni aibu ya walioziandika. Lakini mimi sikuhitaji kusoma kurasa zote ili kujua kwamba lile jina la pale chini halikuwa langu kulikata. Mkono wangu ulijua. Kama ningedhani ni halali, ningeliacha.

Hoja ya pili: wao ni matajiri, mimi ni nani. Hapa nauliza, utajiri wa mtu unafuta vipi wajibu wangu wa kusema ukweli? Masharti ya mfuko nakubali yanaweza kumwonea mdogo. Kumtaka kijana wa Tabora aweke kadi ya benki ya kimataifa ili aonyeshe mtaa wao ni kumfungia mlango kistaarabu. Lakini mlango wa bure upo, na njia ya kuzunguka ipo. Mwenye njia mbili za halali akichagua kupenya uani, asiseme alilazimishwa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: wao wenyewe hawafuati. Na hili limetokea hapa hapa Afrika Mashariki. Nairobi kulikuwa na kampuni ikiitwa Mocality, yenye orodha ya biashara za Kenya, kubwa na ndogo, iliyokusanywa na watu wa mitaani waliokuwa wakilipwa kwa kila taarifa iliyohakikishwa. Masharti ya tovuti yao yalikataza mtu kuivuna orodha ile. Januari 2012 walitoa ushahidi hadharani kwamba watu waliokuwa wakifanya kazi ya mradi wa Google nchini Kenya walikuwa wakiipitia orodha moja moja, kisha wanawapigia wenye biashara na kudai wanashirikiana na Mocality. Mocality waligundua kwa mtego: baadhi ya wageni wale waliokuwa wakiwashuku waliwaonyesha namba za simu za ofisini kwao wenyewe, wakakaa kusubiri simu. Google walikiri kwamba data ilitumika isivyostahili, wakaomba radhi.

Nilipokuwa mdogo zaidi katika kazi hii kisa kile nilikitumia kama leseni. Mla cha mwenzio na chako huliwa, nilijiambia. Wamekula chetu, na sisi tule chao. Leo nakisoma kinyume. Kilichotuuma katika kisa kile kilikuwa nini hasa? Kwamba watu walitembea mtaa kwa mtaa na vumbi lao, wakaandika duka la huyu na saluni ya yule, halafu mwenye nguvu akachuma bila kuomba. Na Mocality walikuwa na la kusema kwa sababu walikuwa na masharti, yameandikwa, na waliyaamini. Nikisema masharti ni upuuzi yakiwa ya Google, sina haki ya kulia yakivunjwa ya Mocality. Mdogo ndiye anayehitaji zaidi sharti liheshimiwe, maana mkubwa ana mawakili, na mdogo hana kitu kingine.

Hoja ya nne nilijitungia mwenyewe, na naiona haya. Baada ya kuamua kuhamia OpenStreetMap, nilikuta sehemu nilizozitaka hazina majina. Ramani ya kampuni ilikuwa nayo baadhi. Nikafikiri: si ninakili tu kutoka kule niweke huku? Naiba kwa tajiri nawapa umma. Nani ataumia?

Watu wa OpenStreetMap wanakataza jambo hilo kwa ukali kuliko kampuni yenyewe, na nilipofikiri nikaona sababu. Zawadi yao ina thamani kwa kuwa ni safi. Mwaka 2009 vijana wa Kibera, Nairobi, waliingia vichochoroni na vifaa vya GPS, wakachora mtaa wao ambao ramani za wakati ule ziliuonyesha kama sehemu tupu. Kuanzia 2015, mradi wa Ramani Huria uliwatoa wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa Dar es Salaam kwenda kupima kata zinazokumbwa na mafuriko, mfereji kwa mfereji. Hao ndio wachangiaji. Kila mstari wao unaweza kuulizwa umetoka wapi, nao ukajibu: tulipita hapa. Ukiingiza barabara moja ya wizi, umewafanya wote washukiwe. Sadaka ya mali ya wizi inamwingiza matatani hata anayepokea.

Basi nikafanya kwa njia ndefu. Ile picha ya kahawia niliiondoa, na mahali pake nikaandika kwa nini. Yule mwalimu nilimwandikia kwamba ramani niliyompa sikuichora mimi, na kwamba namwomba asiitumie tena. Barua pepe ile niliiandika mara nne. Nilipachika ramani ya OpenStreetMap, maandishi yake ya chanzo yakiwa kwenye kona ya chini, hayajafunikwa na kitu. Juu ya ramani niliweka sentensi moja ya kumwambia msomaji kwamba picha hizi zinatoka kwenye seva ya watu wengine. Haivutii kama ile ya kwanza. Sehemu kubwa ni kijivu na mistari tu.

Kisha nikarudi Gongoni na simu yenye GPS, nikatembea peke yangu vichochoro vile vile. Niliyoyaona kwa macho niliyaingiza: njia, bomba la maji, duka lenye kibao. Jua la Tabora la saa nane si la mchezo. Kwa siku mbili nilipata kipande ambacho kwenye skrini ukikifunika kwa kidole gumba hakionekani. Hapo ndipo nilipoelewa bei ya kile nilichokikata kwa sekunde moja.

Majina ya zamani sikuyaweka kwenye ramani ya dunia. Hayo yalikuwa ya Babu, na nilikwenda kumwomba ruhusa hata kuyaweka kwenye tovuti yangu. Nilimwambia safari hii nitaandika jina lake kamili, lionekane.

Nilitegemea atafurahi. Akakunja uso.

"Usiniandike mimi."

"Kwa nini, Babu? Si ulisema majina ulinipa wewe?"

"Nilikupa. Lakini kile kichochoro cha nyuma ya msikiti, jirani yangu anasema kina jina jingine, na tumeshabishana naye miaka. Ukiniandika, kesho atakuja hapa na bakora." Akacheka kidogo. "Na mwingine amenisimulia baba yangu, naye alisimuliwa. Sasa utaandika wangapi?"

Nikamuuliza aandikwe vipi.

Alifikiri muda mrefu. Nilikuwa nimekwenda pale nikiwa na jibu langu tayari, kwamba haki ni kumtaja mtu kwa jina. Sikuwa nimewaza kwamba kumtaja mtu bila kumuuliza nako ni kumchukulia kitu.

"Andika wazee wa Gongoni," akasema. "Na hilo la kichochoro, weka yote mawili."

Ndivyo ilivyo sasa. Ukifungua ukurasa ule utakuta kwenye kona ya chini ya ramani maandishi ya wachangiaji wa OpenStreetMap, na chini yake mstari wa pili: majina ya vichochoro ni kwa maelezo ya wazee wa Gongoni. Kile cha nyuma ya msikiti kina majina mawili, moja juu ya jingine. Jina langu lipo juu kabisa, penye makala, kwa kuwa makala nimeandika mimi.

Yule mwalimu alijibu baada ya wiki mbili. Alisema ameshaifuta ile ya zamani, akauliza kama anaweza kutumia hii mpya. Nilimwambia anaweza, halafu nikamwandikia vizuri nani wa kutajwa.